Mwaka Niliokatazwa Kuamkia

Katika maisha yangu yote ni mwaka mmoja tu nilioitwa msichana asiye na adabu, na mwaka huo ndio niliofanya kazi yangu vizuri kuliko miaka mingine yote. Aliyesababisha niitwe hivyo ni Daktari Deusi, aliyezikwa mwezi uliopita hapa Sumbawanga. Kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, nitamsema vizuri: alikuwa mtu mwenye akili nyingi sana, na alimwogopa mama yake. Basi lilituharibikia njiani, nikakuta wameshazika, kwa hiyo nikaamua kubaki mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku za kukaa msibani ukishachambua maharage na kuosha sufuria unabaki na kazi ya kusikiliza. Nikawasikia vijana wa ukoo wakibishana kama kweli babu yao mdogo aliwahi kufuga virusi vya kamba wa baharini hapa Ufipa, mahali ambapo bahari ni kitu cha kuonyeshwa kwenye ramani. Mmoja akasema hizo ni hadithi za vilabuni. Nilitamani kumrushia mwiko. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nilikuwepo, na virusi hivyo nimevilea kwa mikono hii." Akanitazama mikono kwanza, halafu akasogeza kiti chake nyuma.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokolea. Kila mtu alikuwa ameruhusiwa kila kitu, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Mwalimu aliuza maandazi, karani aliuza mitumba, na ghala la ushirika pale mtaani Izia, ambalo zamani lilijaa mahindi hadi darini, lilikuwa limekufa na ushirika wake na kununuliwa na Mzee Sospeter, mfanyabiashara wa nafaka mwenye tumbo la kutangulia. Ndani ya ghala hilo Daktari Deusi akapanga. Alikuwa ametoka kusomea ng'ambo magonjwa ya kamba, na amerudi na mkataba wa kampuni moja ya pwani iliyotaka kufuga kamba kwenye mabwawa. Nchi nyingine mabwawa yalikuwa yanakumbwa na ugonjwa unaowatia kamba madoa meupe kwenye gamba, na katika siku chache bwawa zima linabaki mizoga. Kampuni ilitaka mtu wa kuviotesha virusi hivyo ili wavipimie dawa kabla balaa halijafika kwetu. Sasa virusi havioti kwenye chupa kama maharage. Vinataka seli iliyo hai. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumtoa kaa wa ziwani, ambaye virusi hivyo humwingia kama vinavyomwingia kamba, kipande cha nyama laini iliyo chini ya gamba la mgongo, ile inayotengeneza damu yake, tukiweke kwenye kisahani cha kioo chenye chakula chake, kiendelee kuishi kana kwamba bado kimo ndani ya kaa, halafu ndipo tukitie virusi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha maabara, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa pekee wa mradi huo.

Siku ya kwanza nilimwuliza Daktari kwa nini asiifanye kazi hii huko huko pwani. Akacheka. "Leokadia, virusi vikitoroka hapa vitakwenda wapi? Vitapanda basi?" Ilikuwa hoja nzuri, na kwa ajili ya kaa wa ziwani tulichoma mizoga yote na kuchemsha kila tone la maji machafu. Lakini baada ya wiki moja nikaijua sababu nyingine. Sababu hiyo iliitwa Mama Yustina, ilikuwa inakaa nyumba ya tatu kutoka ghalani, na ilikuwa imemwita mwanawe arudi nyumbani. Mama Yustina alikuwa mjane, mwembamba, mnyoofu, na alipika pombe ya ulezi iliyosifiwa Izia nzima. Hata mapadre walisemekana kuijua, ingawa mimi sikuwaona.

Maabara yetu, nikiifikiria sasa, naona aibu na fahari kwa pamoja. Daktari alikuwa amekata kona ya ghala kwa karatasi za nailoni na kuiita Chumba Safi. Humo mlikuwa na kabati la hewa safi, lenye feni iliyonguruma kama mashine ya kusaga, na hadubini moja nzuri sana aliyokuja nayo mapajani safari nzima. Kabati la joto lilikuwa sanduku la mbao lenye balbu ndani, kwa sababu seli za kaa zinataka uvuguvugu na baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita haimjali kaa wala mwenye kaa. Juu ya sanduku tuliweka blanketi la Mama Yustina. Kaa walitoka Kipili, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye gari la kuleta samaki aina ya migebuka, wamefungwa kwenye magunia ya majani mabichi, na walifika wamekasirika. Tukishawatoa kile kipande kidogo, mwili uliobaki ulikuwa bado na miguu iliyonona, na kabla hatujaanza kutumia virusi Daktari aliniruhusu nichemshe supu. Tulikula na ugali, tukivunja miguu kwa nyundo ya ofisi. Mama Yustina alikuja mara moja akatukuta tunafyonza. "Deusi," akasema, "nimekusomesha mpaka ng'ambo, umerudi kula mdudu?" Daktari akauficha mguu wa kaa mfukoni mwa koti jeupe, na ukakaa humo mpaka ulipojitangaza wenyewe.

Mjini hatukueleweka. Nilikuwa bombani siku moja, nimeinamia ndoo, nikawasikia wanawake wawili nyuma yangu. "Wanafuga virusi mle." "Vile vile?" "Vile vile." Wakati huo neno hilo lilikuwa na maana moja tu nchi nzima, na haikuwa maana ya kuchekea. Nilipomweleza Daktari alienda bombani mwenyewe na koti lake, akahutubia. Akasema hivi ni vya kamba, mnyama wa baharini, havimdhuru binadamu, mtu anaweza hata kumla huyo kamba na asipate kitu. Wakamsikiliza kwa heshima yote. Alipomaliza, mama mmoja akauliza, "Sasa Daktari, kwani kamba naye hatulii nyumbani kwake?" Daktari akarudi ghalani, akaanza kuosha visahani vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ila shida haikuwa bombani. Shida ilikuwa kwamba seli zetu zilikufa. Kampuni ilikuwa imesema mtaalamu wake atakuja masika yakiisha. Akikuta virusi vinaota ndani ya tishu iliyo hai, kodi ya ghala italipwa na kazi itaendelea. Asipokuta, funguo zinarudi kwa Mzee Sospeter, na Daktari Deusi, mtoto wa Izia aliyesifiwa kanisani siku aliporudi, anabaki kichekesho cha mji mzima mbele ya mama yake. Mimi ningepata kazi kwingine, nilikuwa kijana. Yeye asingepata pa kuificha sura. Mzee Sospeter alilijua hilo, na kila wiki alipita kulitazama ghala lake, akipapasa kuta kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. "Bado zinakufa?" alikuwa akiuliza. "Zinakufa, mzee." "Aisee, poleni sana," na uso wake wote unachanua.

Hazikuwa zinakufa kwa uzee. Ziliingiliwa na vijidudu vingine. Leo kisahani kizuri, seli zimetandaza miguu yake juu ya kioo, kesho kutwa maji yamekuwa meupe kama togwa. Daktari akalaumu maji. Akalaumu chumvi, akalaumu umeme unaokatika, akailaumu feni, kisha akanilaumu mimi, kwamba nywele zangu ni nyingi. Nikanyoa. Zikaendelea kufa. Halafu, katikati ya masika, asubuhi moja akainama kwenye hadubini akapiga kelele nikadhani ameng'atwa na kaa. "Zinazaana! Leokadia, zinazaana!" Nikatazama. Kweli, visahani vitatu vilijaa viseli vya duara, vizuri, vinang'aa, vimejazana kama watu wa gulio. Sasa ujue, seli za kamba na kaa hazizaani kwenye kioo. Zinaishi muda wao mfupi zinakwisha, na wataalamu wa dunia nzima walikuwa wanalilia hilo. Daktari akavua koti, akalivaa tena, akakimbia posta kupiga simu kwa kampuni. Walimjibu kwamba mtaalamu atakuja mapema, baada ya wiki tatu. Aliporudi alinikuta nimesimama mbele ya kabati la joto, nimefunua blanketi. Aliingiza kichwa akanusa. Akanusa tena. Ile harufu tuliijua wote wawili tangu utotoni. Ndani ya kabati letu mlikuwa mnanukia pombe ya ulezi.

Alikaa chini kwenye gunia la kaa, na kaa wakiwa ndani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni chachu. Nimewapigia simu pwani kuwaambia nimevumbua chachu." Nilimhurumia sana, na nilitaka kucheka sana, na mambo hayo mawili yakinishika pamoja huwa natokwa na machozi, kwa hiyo akadhani ninalia akaanza kunibembeleza.

Lakini alikuwa mwanasayansi. Kesho yake alitega visahani vyenye chakula cha seli kila pembe, wazi: dirishani, kwenye sinki, chini ya feni, na kimoja pale mlangoni mwa Chumba Safi penye mkeka. Baada ya siku mbili visahani vingine vilikuwa na madoa mawili matatu ya ukungu. Cha mlangoni kilikuwa kimefura kama uji. Tukasimama tunakitazama. Pale mlangoni ndipo tulipokuwa tunasalimiana.

Msomaji wa kwingine itabidi anielewe. Kwetu mtu mzima akipiga hodi huwezi kumpa mgongo. Unaacha unachofanya, hata kama unafanya upasuaji. Kitambaa cha mdomoni unakishusha, maana kumwamkia mkubwa umejifunga uso ni ujambazi. Unachutama, unapiga makofi taratibu, unatoa shikamoo, kisha mnaulizana: mmeamkaje, nyumbani, mahindi, mifugo, yule aliyekuwa anakohoa. Na Mama Yustina, kila pombe yake ilipoiva, alikuja na kibuyu ili mwanawe awe wa kwanza kuonja, kama alivyokuwa akifanya kwa marehemu baba yake. Alitoka jikoni moja kwa moja, nguo zake zimejaa unga wa kimea. Daktari alionja, mimi nilionja, kibuyu kilirudi mkononi mwake, makofi mengine ya kushukuru, na kila kofi likirusha vumbi la chachu hewani. Kisha tunanawa spiriti kwa uangalifu mkubwa na kurudi kwa seli zetu na nywele, mikono ya makoti na pumzi zimejaa pombe. Daktari alikuwa amelaumu mpaka feni. Nyani haoni kundule.

"Itabidi Mama aambiwe," nikasema.

"Itabidi," akasema.

"Utamwambia leo?"

Akakivuta kisahani karibu, akakichunguza. "Leokadia, yule mama amenizaa. Nitamwambiaje kwamba anachafua?"

"Sasa nani atamwambia?"

"Asiambiwe. Wewe usimwamkie tu. Ukiwa kwenye kabati, usigeuke, usijibu. Yeye mwenyewe ataona una kazi."

Na yeye Daktari siku hiyo, hodi ilipopigwa, alikumbuka ghafla kuwahesabu kaa kwenye chumba cha nyuma. Nilibaki peke yangu, kitambaa usoni, mikono ndani ya kabati, kisahani kiko wazi. Nikamsikia Mama Yustina akiingia. "Hodi humu. Binti, mmeamkaje?" Sikujibu. Nikasikia kibuyu kikiwekwa chini. Nikasikia, na hili sitalisahau, makofi yake taratibu mlangoni, mtu mzima ananianza mimi, akidhani labda feni imenizidi masikio. Shingo yangu iliwaka moto. Magoti yalikuwa yanajikunja yenyewe. Nilihamisha seli zangu, nikafunika, nikachukua kisahani kingine. Alisimama pale muda mrefu, akachukua kibuyu chake akaondoka.

Kufikia jioni Izia nzima ilikuwa na habari. Nilipopita walisema kwa sauti ya kunitosha kusikia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wengine walinitetea kwamba si kosa langu, virusi vimenipanda kwenye ulimi. Mzee Sospeter alipita, nikamnyamazia naye, na kwa huyo sikuumia hata kidogo. Kwa Mama Yustina niliumia. Alikuja tena, na tena, kila pombe ikiiva, anasimama mlangoni, ananisubiri, anaondoka. Hakumshitakia mwanawe. Na seli, Mungu wangu, seli ziliishi. Maji yalibaki maangavu. Daktari alitia virusi na kuanza kutembea huku na huko akipiga mluzi. Nilimchukia mluzi wake.

Siku chache kabla ya mgeni kufika nilishindwa. Mama Yustina alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimemaliza kazi ya asubuhi, visahani vimefungwa. Nilivua kitambaa nikamshika mkono bila salamu, maana kama ningeanza kuamkia ningelia, nikampeleka kwenye hadubini. Niliweka kwanza kisahani kilichoharibika. "Tazama hapo, Mama." Alifumba jicho moja, akafumba jingine, mwishowe akapata. Vile viduara vilikuwa vinachipua, kila kimoja na katoto kake mgongoni. Nikamwambia hiyo ndiyo inayochachua pombe yake, inatoka kwenye mavazi na mikononi, na ikiingia kwenye nyama ya kaa inakula chakula chote. Nilitegemea aibu, au hasira. Mama Yustina aliinua uso ukiwa unang'aa. "Kumbe ni wazuri hivi!" akasema. "Na wote hawa ni wangu?" Halafu akageuka kuelekea chumba cha nyuma, ambako Daktari alikuwa anahesabu kaa waliokwisha kuhesabiwa. "Deusi! Toka huko! Umemwachia mtoto wa watu abebe matusi yako?" Daktari alitoka. Sijawahi kumwona mtu wa digrii nyingi hivyo akiwa mdogo hivyo.

Mtaalamu wa kampuni aliitwa Bi Zuhura, mwanamke wa pwani mwenye miwani, amejifunika khanga mbili juu ya sweta na bado anatetemeka. Alikuta Mama Yustina ameketi mlangoni kwenye kigoda, amevaa kitenge cha Krismasi kilichofuliwa na kupigwa pasi upya, na ameacha viatu vya jikoni nyumbani. Bi Zuhura akafungua mdomo. Mama Yustina akainua kiganja. "Salamu baadaye. Kuna watu wanaishi humo ndani." Mzee Sospeter, aliyekuja na mtu wa kupima madirisha, naye alionyeshwa kiganja kile kile, na alisimama nje kwenye upepo muda wote. Bi Zuhura alikuwa na rangi yake maalumu, inayong'ang'ania virusi tu na kuacha vingine vyote. Alidondosha, akaosha, akasubiri, akainama. Daktari aliacha kupumua. Mimi nilikuwa namtazama Mama Yustina, na Mama Yustina alikuwa anatazama mgongo wa Bi Zuhura, mikono imefumbatwa kama yuko kwenye komunyo. "Vipo," akasema Bi Zuhura. "Vimejaa mle, mashaallah. Hivi nimevitafuta kwenye maabara kubwa kuliko hii nisivipate." Daktari Deusi alimwendea mama yake akachutama na kupiga makofi mpaka glovu zikapasuka. Nami nikapiga magoti kando yake, na shikamoo zote nilizokuwa nimemnyima zikanitoka kwa mkupuo. Mama Yustina aliitikia moja moja, marahaba, marahaba, asiruke hata moja.

Ghala lilibaki letu kwa miaka kadhaa, mpaka kampuni ilipojenga maabara yake pwani na kunichukua mimi. Daktari alikataa kuhama. Alibaki kufundisha, na kila nilipompigia alisema ameandika jambo jipya kuhusu kaa. Mama Yustina naye alikuwa amejifunza lake. Alisema chachu zake ni watu, nazo hazitaki kupigiwa kelele, kwa hiyo tangu mwaka ule mlango wa kibanda chake cha pombe ulifungwa akiwa kazini, na anayeingia haruhusiwi kusalimia. Aliyeivunja sheria hiyo ni mmoja tu. Daktari Deusi, mpaka amekuwa na mvi, alikuwa akifika tu anausukuma ule mlango na kuchutama kati ya mapipa, shikamoo Mama, shikamoo Mama, na mama yake anamfukuza kwa mwiko.

Juzi, siku ya kupika pombe ya kuondolea matanga, nilimfuata Mama Yustina kibandani. Ni mzee sana sasa, wajukuu ndio wanaobeba maji, lakini kukoroga amekataa kumwachia mtu. Nilisahau kila kitu, nikapiga magoti na kufungua mdomo. Kiganja kikainuka. Nikanyamaza, nikasubiri hapo chini na magoti yangu mabovu, kama yeye alivyonisubiri mimi. Alikoroga mpaka aliporidhika, akafunika pipa, akanawa, akatoka akakaa kwenye kigoda chake nje. "Haya," akasema. "Sasa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Tulikaa. Upepo ulikuwa unapiga, ule wa kwetu wa vumbi, na nikaona mlango wa kibanda uko wazi kabisa, umeegeshwa jiwe usijifunge. Nikainuka kwenda kuufunga. "Mama, vumbi litaingia kwenye pombe."

"Uache," akasema Mama Yustina. "Deusi huwa hapigi hodi."